Kona ya Saba

Shangazi yangu ana bucha, na miaka yote alikuwa na mkono mwepesi. Mteja akilalamika kwamba nyama ina mifupa mingi, alishusha shoka kwenye gogo mpaka mizani ikaruka, kisha akamuuliza kama amewahi kuona ng'ombe asiye na mifupa. Mimi nilikuwa nafunga nyama pembeni yake, na makofi yake nimeyala mpaka nikayazoea.

Asubuhi, kabla ya kufungua, tulipanda vilima kwa baiskeli za mashindano. Vilikuwa vitatu. Cha kwanza alikiita cha wagonjwa, cha pili cha mabwana harusi. Alichokipenda ni cha tatu, kwa sababu kwenye kona ya saba barabara inasimama wima, hata mtembea kwa miguu anakupita. "Hapa ndipo mapafu yanapikwa," alisema, na nikilegea ananitandika mgongoni kwa pampu. Wakati wa kushuka alikuwa na neno moja tu: "Achia!" Yaani toa vidole kwenye breki, liwalo na liwe. Nilifundishwa neno hilo miaka miwili, kwa matusi.

Mwizi naye aliijua kona ya saba. Asubuhi moja alichomoka majanini na panga, akashika usukani wangu, akanichapa bapa la panga usoni. Damu ikaniingia machoni. Nilimpiga teke la goti, akayumba, lakini mkono hakuutoa. Akageuza panga upande wa makali.

"Achia!" Shangazi alipiga kelele nyuma yangu. "Achia, achia!"

Nilimng'ata mkono, nikageuza baiskeli, nikaachia breki. Nilishuka kona zote sita nikijua kwamba Shangazi yuko nyuma yangu. Kule chini nikatazama nyuma. Barabara ilikuwa tupu.

Sijawahi kupanda kilima vile. Nilitapika juu ya baiskeli na sikusimama. Nilipofika, mwizi alikuwa kifudifudi mtaroni, anakoroma damu, taya limevunjwa kwa pampu. Shangazi alikuwa ameketi katikati ya lami, mkono wa kulia ameubana kwapani.

"Ulikwenda wapi?"

"Si ulisema achia?"

"Baiskeli, mbwa wewe! Nilisema umwachie baiskeli, aende zake!"

Akauinua ule mkono anizabe kofi. Vidole vitatu havikuwepo. Akautazama, akaushusha taratibu, na mimi nikalia kwa sauti pale barabarani.

Siku hizi shoka nalishika mimi, yeye ananielekeza kwa mkono wa kushoto na kunitukana. Wateja wakiuliza, anawaambia vidole vililiwa na mashine ya kusagia nyama. Wanamcheka, mwenye bucha mzima kushindwa na mashine yake mwenyewe. Anawaacha wacheke.

"Na huyu alikuwa wapi?" mmoja aliuliza juzi, akininyooshea kidole.

"Alikuwa hapa hapa," Shangazi akajibu. "Ubavuni mwangu."