Alhamdu Moja kwa Kila Alama

Tangu utotoni kazi yangu ilikuwa kusimama sebuleni kwa watu na kupaza sauti dirishani. Baba alikuwa fundi wa antena, mtaani kwetu Chemchem na katika vijiji vya njia ya reli. Yeye nje anazungusha mlingoti, mimi ndani natazama picha: bado, bado, hapo. Nikisema hapo, anakaza nati. Chenga zikibaki kidogo, watu hawakujali.

Kisha matangazo ya analojia yakazimwa. Mimi nilipata mafunzo mafupi ya ving'amuzi, Baba hakupata, na ghafla kila nyumba ikawa inatuita. Sina subira, sijawahi kuwa nayo. Hata chai ya asubuhi nanywa nimesimama. Siku zile nilikuwa kwenye nyumba ya kwanza huku moyo ukiwa umeshafika ya tatu.

Kijijini Kigwa tulikwenda kwa mama mmoja mkulima wa tumbaku, Mkatoliki, ambaye antena yake aliisimika Baba mwenyewe. Fundi mwingine alishashindwa pale, akasema kijiji kiko mbali mno na mtambo wa matangazo, kwa hiyo majirani walikuja kuona kama sisi tutaweza. Njiani Baba alikuwa ameniambia jambo moja tu.

"Kigwa ikishindikana, sina kazi tena. Antena zangu zote za huku zitakuwa vyuma chakavu."

Tukaanza kwa mtindo wetu. Lakini king'amuzi hakifuati mkono. Ukigeuza mlingoti, picha haiji palepale, inajifikiria kwanza. Nikisema hapo, Baba ameshapita. Akirudi, anapita tena upande wa pili. Na digitali haina chenga za kukuonyesha kwamba umekaribia: ama picha, ama kioo cheusi. Baada ya nusu saa damu ilinichemka. Nilitoka nje, nikamnyang'anya mlingoti mbele ya watu wote.

"Baba, kaa pale. Mambo haya si ya wakati wenu."

Naona aibu hata kuyaandika. Mwenye nyumba aliinamisha macho. Baba alikwenda kukaa kwenye kivuli cha bani la kukaushia tumbaku. Nikamwomba jirani mmoja atazame ndani, nikazungusha mimi, tena kwa hasira, huku na huku, na sikuambulia kitu.

Baba akainuka, ameshika kipande cha mkaa. Akachora alama kuzunguka mlingoti, zikiachana upana wa kidole.

"Ingia ndani," alisema. "Nikisogeza alama moja, soma Alhamdu moja mpaka mwisho. Ndipo uniambie."

Nilisoma mbiombio, naye akaniambia kupitia dirishani nisikimbie. Mwenye nyumba, aliyesimama kando yangu, akaanza Salamu Maria yake kwa sauti ya chini. Alama ya kwanza, giza. Ya nne, giza. Miguu ilikuwa ikiniwasha, nilitaka kutoka tena nikaushike mlingoti. Katika ya tisa, sijafika hata katikati ya sura, mtangazaji alitokea, safi kabisa, hadi vifungo vya koti lake vinahesabika.

Majirani wakajaa ndani. Hongera, fundi, waliniambia mimi niliyekuwa na rimoti mkononi, na watatu wakaniomba nifike kwao. Nikasema ahsante. Dirishani nilimwona Baba akikaza nati, kisha akikunja waya uliobaki. Neno moja tu lingetosha kuwaeleza kazi ilikuwa ya nani. Nililijua neno hilo, lakini akili yangu ilishaanza kupanga safari ya kesho ya Goweko.

Asubuhi yake nilikuta koleo la Baba ndani ya mkoba wangu wa kazi, limefungwa kwenye kitambaa pamoja na kile kipande cha mkaa. Mwenyewe alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa, bado hajavaa nguo za kazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwambia twende, tumechelewa.

"Uliniambia nikae, mwanangu. Nimekaa."

Nilipaswa kukaa chini pale pale nimwombe radhi. Bodaboda ikapiga honi nje, nami nikaondoka.