Zebaki Niliyoimwaga Bwawani

Niliporudi Dutumi kutoka machimbo ya Kanda ya Ziwa nilikuwa na begi la nguo, redio, na chupa ya dawa ya kikohozi yenye zebaki, haikufika hata nusu. Kule nilikuwa mchenjuaji: unachanganya zebaki na mchanga uliosagwa, inashika dhahabu, halafu unaichoma. Nisimsingizie mtu, hakuna aliyenituma kuibeba. Nilidhani nitapata wa kumuuzia.

Mke wangu akasema hataki kitu kile kwenye nyumba yenye watoto, na alikuwa na haki. Nikawaza kuifukia shambani, nikaona hapana, watu wanachimba mihogo, jembe litavunja chupa. Nikaenda kuimwaga kwenye bwawa linalobaki kila Mto Ruvu unapojaa na kushuka, pale penye matope meusi na majani yaliyooza. Ilizama mara moja. Nikarudi nyumbani najiona mtu makini.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, bwana samaki, afisa uvuvi, alikuja kwenye mkutano wa kijiji pale shuleni kutufundisha ufugaji wa perege. Akataja vitu visivyotakiwa kuingia majini, na zebaki ikiwemo. Nikanyoosha mkono.

"Mtaalamu, ile si nzito? Ikizama si imekwisha?"

"Huyo alikuwa machimboni," mmoja akadakia nyuma. "Anataka kufuga dhahabu!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Bwana samaki hakucheka. Alisema haiishi. Kwenye matope yasiyo na hewa, hasa maji yakiwa yametulia na majani yanaoza, kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoigeuza sehemu yake kuwa zebaki ya aina nyingine, iliyo mbaya kuliko ile ya kwanza. Hiyo inaingia kwenye wadudu wa majini, wadudu wanaliwa na dagaa, dagaa wanaliwa na kambale, na kila anayekula anajilimbikizia ya wote aliowala. Kupika hakuitoi. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwenye ubongo.

Kama nimeelewa vizuri, maana shule yangu ni ya darasa la saba, ningetafuta kote nisingepata mahali pabaya kuliko pale.

Hakusema bwawa letu lina sumu. Nilimfuata pembeni, nikamuuliza kama habari ya mtu mwingine, akasema bila kupima hajui, inategemea kiasi. Hilo nalo naliandika, lisije likaachwa.

Sasa aibu yenyewe. Shemeji yangu, mke wa kaka, tunaishi naye uwanja mmoja, na alikuwa na mimba ya miezi minne. Hamu yake ilikuwa kambale wa bwawa lile. Tangu siku ya mkutano mimi niliacha kumla. Mke wangu nilimwambia anunue samaki wa baharini, sikumwambia kwa nini. Shemeji alipoleta bakuli la mchuzi kama kawaida yake, nilishukuru, nikaenda kulimwaga nyuma ya choo, nikamrudishia bakuli limeoshwa.

"Shemeji, siku hizi bakuli linarudi linang'aa," alinitania. "Unakula na mifupa?"

"Mchuzi wako mtamu," nikamjibu.

Niliendelea hivyo wiki sita. Nilikuwa najiambia labda ni kidogo, labda nitawatisha bure.

Jumapili moja, watu waliporudi kutoka kanisani, nilimkuta shemeji anamkata kambale mrefu kama mkono. Sijui kwa nini siku ile na si nyingine. Nikamwambia yote, chupa, bwawa, maneno ya bwana samaki. Alisikiliza, kisu kimesimama.

"Wewe umeacha kumla tangu lini?"

"Tangu mkutano."

"Na wanao?"

Ningeweza kusema sijui wanakula nini.

"Na wao."

Alimfunika yule samaki kwa sinia, akanawa mikono taratibu mpaka kwenye viwiko.

"Kesho nakwenda kliniki, nitawaeleza," akasema. "Wewe kamwite kaka yako, yuko kwa jirani. Uyarudie haya mbele yake, na hiyo ya wanao usiiruke."

Hakuniita shemeji.

Nilikwenda. Njiani nilijikuta nayapanga maneno, ili hiyo ya watoto ije mwishoni kabisa, ipite haraka. Nilipomfikia kaka nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kiti. Sikukaa. Nilianza na hiyo.