Matairi Mawili ya Mzee Abeid

Nakumbuka Jumatano ile nilivyotoka barazani kwa Bwana Mbaraka nacheka, na kabla sijafika kona ya sokoni kicheko kimeshanikauka. Mwanangu, hofu niliyoipata pale konani sijaipata tena, na mimi nimeshaanguka mnazi, nimeshazama baharini nikatolewa na watu.

Umeniambia mwenzio anapiga ngumi vizuri, na kesho asubuhi unakwenda kwa yule tajiri wa malori kumwombea glavu na nauli. Nimekutazama unavyolisema, sauti juu, macho yamekutoka, nikajiona mwenyewe. Basi kaa kwanza. Chai ipo.

Mimi nilikuwa mkwezi wa minazi huko Kaole, wakati wa Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha miaka michache tu. Shule sikwenda. Herufi nilijifundisha mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sukari, na kwa kuwa nilijua kusoma vichwa vya habari, nikajiona wakili wa mji mzima. Mdomo nilikuwa nao, na hasira nilikuwa nazo. Ukimgusa rafiki yangu umenigusa mimi, na rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Shomari.

Shomari alikuwa Mkwere wa Kiwangwa. Kazi yake kuleta mananasi Bagamoyo kwa baiskeli ya mjomba wake, matenga mawili kwenye keria, njia nzima mchanga na vilima, na hashuki. Bila mzigo hakuna mtu aliyemshika. Sasa dereva mmoja wa lori akatuambia Dar es Salaam kuna mashindano ya baiskeli, Jumapili ya kwanza baada ya Idi, na mshindi anachukuliwa na duka kubwa la baiskeli, anavalishwa, analipwa kila mwezi ashindane kwa jina lao. Mtu kulipwa kwa kupanda baiskeli! Shomari hakulala. Lakini baiskeli ya mjomba ilikuwa na matairi ya viraka juu ya viraka, na mnyororo umelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Nikamwambia, "Wewe panda baiskeli. Wafadhili niachie mimi."

"Twende wote," akasema.

"Wewe unajua kusema? Ukimwona mtu mwenye saa mkononi unatazama vidole vyako vya miguu. Niachie."

Nikaenda kwanza kwa Mzee Abeid, mwenye minazi niliyokuwa nikiikwea. Mama yake alikuwa amefariki siku si nyingi, nami nilikuwepo kwenye hitima, nikala pilau yake. Nikamwamkia, akaitikia, nikaeleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema neno moja: "Nitatazama."

Mwanangu, mtu wa pwani akikwambia "nitatazama" bado hajakunyima. Amekwambia subiri. Lakini mimi damu ilinichemka, nikaona nimefukuzwa kwa upole. Nikangoja siku tatu, siku ya nne nikakata tamaa, nikaenda kwa Bwana Mbaraka.

Huyu Bwana Mbaraka alikuwa na lori na duka, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa juu. Mji wetu wakati ule ulikuwa na ngoma mbili, ya mtaa wa juu na ya mtaa wa pwani. Mbaraka ndiye aliyeilisha ya juu, na Mzee Abeid ndiye aliyeilisha ya pwani. Abeid akichinja mbuzi, Mbaraka anachinja wawili. Abeid akiwashonea wachezaji wake kanzu, Mbaraka anawashonea kanzu na vizibao. Mji mzima ulijua, na kila mwenye shida ya kuchangiwa alijua mlango wa kupitia: unamtajia huyu alichotoa yule. Mwaka mmoja mashindano yale yalifika mpaka kwenye fimbo, watu wakavunjana mikono pale karibu na soko.

Nilimkuta barazani na watu wake. Hata kuamkia sijamaliza, mmoja akanirukia: "Leo mkwezi kashuka chini! Minazi imekukataa?"

"Minazi hainikatai, inawakataa wenye matumbo," nikajibu. Wakacheka. Nikapata kichwa. Nikaanza kueleza habari ya Shomari, na Bwana Mbaraka anachokoa meno tu, hana habari nami. Ndipo nikasema, kwa sauti, mbele ya wote:

"Mzee Abeid ameshatoa matairi mawili mapya."

Akaacha kuchokoa meno.

"Abeid? Matairi?"

"Mawili, bwana. Mapya."

"Matairi bila baiskeli ni nini? Ni vitanzi tu vya kuchezea watoto!" Akasimama. "Mimi natoa baiskeli nzima! Ile yangu mpya, imo ndani, haijagusa matope. Na Ijumaa baada ya sala ngoma yangu itamsindikiza huyo kijana mpaka kwenye lori, na lori ni langu. Na Abeid nitampa mkono pale pale msikitini, nimwambie, Mzee, matairi yako yamepata mwenyewe!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikacheka kuliko wote. Nikatoka. Na pale konani ndipo nilipolisikia vizuri lile neno: atampa mkono msikitini. Ijumaa. Kesho kutwa.

Shomari nilimkuta kwa Bwana Mbaraka Alhamisi asubuhi, ameshaitwa, yuko uani anaipangusa baiskeli mpya kwa kitambaa, hajathubutu hata kuikalia. Akanitazama kama ninavyotazamwa na mama yangu nikimletea dawa. "Ndugu yangu," akasema, "nimempelekea mjomba habari. Nimemwambia wazee wawili wa mji wameshikana kwa ajili yangu." Nikamwambia nawahi kazini.

Mnazi wa kwanza nilipanda vizuri. Wa pili, nilipofika kwenye makole, penye mashada ya nazi, miguu ikaanza kutetemeka ndani ya kitanzi cha kukwelea. Haijapata kunitokea. Nikakumbatia shina, jasho linanitoka, nikafumba macho. Nikawa nahesabu: kama Abeid atamkana, Mbaraka atachekwa mji mzima. Watu wa ngoma ya juu watasema wametukanwa. Fimbo zitatoka tena. Na wa kwanza kuulizwa nani? Shomari, mgeni wa Kiwangwa, aliyepewa baiskeli ya uongo. Mimi ni mtoto wa hapa, mama yangu yupo, nitatetewa. Yeye nani atamtetea?

Nikasikia naitwa chini. "Shuka, bwana mdogo."

Nikatazama. Mzee Abeid amesimama, na begani ametundika matairi mawili mapya, bado yana karatasi.

Sijui nilishukaje. Nakumbuka magoti yaliyochubuka tu. Akayatua chini akasema, taratibu, kama anayesema na mgonjwa: "Niliagiza Dar, yamechelewa. Mpe rafiki yako. Ila nina neno moja. Usinitaje. Hii ni sadaka ya marehemu mama. Nimekaa msibani, siendi ngomani, sishindani na mtu. Sitaki jina langu lisikike popote. Tumeelewana?"

Mwanangu, nilikuwa na njia ya kunyamaza. Matairi yako pale, mawili, mapya, vile vile nilivyosema. Uongo wangu umegeuka kweli kwa siku moja. Lakini kitu alichokitaka kwangu kilikuwa kimoja tu, nacho nilikuwa nimeshakivunja. Mji mzima ulikuwa unasema: kaburi la mama yake halijakauka, Abeid keshaanza mashindano na Mbaraka. Na kesho atapewa mkono msikitini kwa jambo hilo, mbele ya waliomzika mama yake.

Nikamwambia. Yote. Kwanza nilisimama, halafu nikajikuta nimekaa mchangani.

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Ulipita nyumbani kwangu ukala hitima. Ulijua nina msiba."

"Nilijua."

"Ukalichukua jina langu ukaenda kulichezesha ngoma." Akayaokota matairi, nikajua anayarudisha nyumbani. Akanitupia mapajani. "Haya ni ya Shomari, hajanikosea. Wewe utakwenda kwa Mbaraka leo, kabla ya magharibi. Ulisema mbele ya watu, utakanusha mbele ya watu. Mimi sitakwenda nawe."

Toka Kaole mpaka mjini, njia ile niliipita mara ngapi? Siku ile ilikuwa fupi kuliko siku zote. Nilitamani irefuke.

Nilifika watu wa ngoma wanawamba ngoma zao barazani, wanazijaribu. Nikamwomba Bwana Mbaraka tukaseme faragha. Akasema, "Sema hapa. Nimetangaza hapa." Ngoma moja ilikuwa bado inapigwa, mpigaji hajui kitu, akaendelea mpaka alipoona wenzake wamenyamaza.

Nikasema. Nilisema Mzee Abeid hakuwa ametoa chochote siku ile, wala hakushindana na mtu, nilimzulia, na yuko msibani. Habari ya matairi sikuitaja. Nilikuwa nimeyaficha njiani kwenye makuti, kwa kuwa sadaka yake nayo hakutaka itajwe, na hilo angalau lazima nilishike.

Macho ya Bwana Mbaraka yakawa mekundu. Mmoja wa watu wake akanyanyuka na kigongo cha kupigia ngoma mkononi. Nikajua napigwa. Lakini Mbaraka akauliza jambo moja tu:

"Kijana wa baiskeli alijua?"

"Hajui! Wallahi hajui! Nipigeni mimi!"

"Jana pia ulisema hapa hapa, kwa mdomo huo huo. Nikuamini leo kwa nini?"

Nilikuwa nasema kweli, na ilikuwa haina mnunuzi. Nikaapa tena, na kila nilivyoapa nikaona nyuso zinazidi kufunga. Sikumtetea Shomari, nilikuwa namzika.

Mlango wa uani ukafunguka. Shomari akatoka anaikokota ile baiskeli. Alikuwa amesikia. Yule asiyejua kusema mbele ya wenye saa akaisukuma mpaka miguuni pa Bwana Mbaraka, akasema, "Shikamoo bwana. Baiskeli yako hii. Sijaipanda." Akaiegemeza ukutani, akaondoka. Hakunitazama.

Mbaraka akatazama magurudumu. Hayana hata chembe ya mchanga. Akasema, "Zishusheni ngoma." Na kwangu akasema, "Toka." Basi. Fimbo haikutoka. Ijumaa msikitini nilikaa safu ya nyuma kabisa, nikawaona wanapeana mkono, Mbaraka akamwinamia Mzee Abeid, akamwambia maneno sikuyasikia. Nadhani alimpa pole ya mama yake.

Shomari alikwenda Dar, nami nyuma yake, juu ya mzigo wa mbata, nazi kavu, kwenye lori la mtu mwingine, na baiskeli ya mjomba, na matairi mapya tuliyoyafunga wawili bila kusemeshana. Mnyororo ulikuwa ule ule wa zamani. Nilikuwa nimesimama karibu na mwisho wa njia siku ya mashindano. Aliingia kwenye kona akiwa wa pili, anamkaribia wa kwanza, nikaanza kupiga kelele, na mnyororo ukakatika. Niliusikia. Hata leo baiskeli ikipita mnyororo unalia, nageuka kuutazama.

Akashuka. Akaiweka begani, akakimbia nayo. Wakampita wengi. Hakuchukuliwa na mtu.

Tuliporudi nilitaka kujificha. Shomari akasema, "Tunakwenda kwa wote wawili, tuwaambie matokeo. Na safari hii twende wote." Ndilo karipio pekee alilonipa maishani. Mzee Abeid akatuombea dua. Bwana Mbaraka hakutukaribisha kukaa. Aliuliza tu, "Mnyororo ulikatikia wapi?" Shomari akamweleza. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi zake.

Mwaka wa pili, mashindano yalipokaribia, dereva wa lori la Bwana Mbaraka akamshushia Shomari kifurushi Kiwangwa, kimefungwa kwa gazeti. Ndani mnyororo mpya, umepakwa mafuta. Nani katuma? Dereva akasema ameambiwa asiseme. Bwana Mbaraka, mtu aliyekuwa hachinji kuku bila kupiga ngoma!

Na mwaka ule Shomari walimchukua.

Sasa mwanangu, kesho usiende peke yako. Nenda na huyo mpiga ngumi, hata kama hajui kusema. Mtu anataka kumwona anayemsaidia, amwone macho na mikono. Mwombe yule tajiri pembeni, si mbele ya watu wake, maana mbele ya watu atakujibu kwa ajili yao. Mwambie mnachohitaji hasa, glavu na nauli, usianze kupamba. Jina la mtu mwingine usilitie mdomoni, hata kama ametoa kweli, mpaka umwulize kama anapenda kutajwa, na uulize pia kama nyumbani kwake kuna msiba au furaha. Akikwambia atatazama, mwache atazame, usimhesabie siku. Na mwenzio akishinda au akipigwa, rudini mkamweleze, hasa akipigwa. Siku ya kushindwa ndiyo watu hukimbia wafadhili wao, nami nilitaka kukimbia.

Ukihisi kile kichwa kinakupanda, watu wamecheka na wewe umenoga, funga mdomo. Mimi pale ndipo nilipopotelea.

Maliza chai yako. Mwenyezi Mungu akufungulie mlango wa mtu mwema, aulinde ulimi wako mbele yake, ampe mwenzio nguvu za mikono na salama ya kichwa, na akurudisheni nyumbani wawili, kama mlivyotoka. Amina.