Jina Ndani ya Wimbo wa Toba

Felisita alikuwa anajisikia, tusifichane. Kule Bariadi hakuna mwanamke aliyemfikia kwa sauti ya kwanza, na alihakikisha hakuna anayelisahau hilo. Akichelewa mazoezini, asubiriwe. Akikohoa, mtu akamletee maji. Wenzake wa kwaya ya kigango walimchukia kwa moyo mmoja, hata wale wasiosemezana wao kwa wao, na mimi siwalaumu.

Kiburi chenyewe alikirithi. Baba yake, marehemu Masele, alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa ngoma. Katika ngoma za mashindano za Kisukuma, ningi hujitaja kwa jina katikati ya wimbo, akajisifu weee, kisha akamgeukia mpinzani wake na kumrushia matusi mpaka watu washike mbavu. Asiyejitaja huonekana mwoga. Felisita alikulia kwenye vumbi la viwanja hivyo kabla hajabatizwa.

Ikaja miaka ya soko huria. Makampuni binafsi yalimiminika kununua pamba, yakanyang'anyana wakulima, na kwaya iliyokuwa na shamba lake ikapata cha kuendea Mwanza kurekodi kanda. Kila kwaya siku hizo ilitaka kanda. Mwalimu Joakim, aliyewafundisha, aliwanoa kwa wimbo wa toba unaosema, "Bwana, mimi ni vumbi, sina cha kujivunia." Felisita ndiye aliyeuongoza.

Studio walifika wakiwa wamechoka na safari. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri mno. Baada yake kulikuwa na nafasi, kinanda kikilia peke yake, na hapo ndipo damu ya Masele ilipompanda kichwani. Akapaza sauti: "Ni mimi, Felisita ng'wana Masele! Elina, kaa chini usikilize!" Elina ndiye aliyekuwa akimfuatia kwa sauti. Fundi mitambo akadhani wimbo ndivyo ulivyo, akaacha mashine izunguke. Zamu yao ikaisha, kwaya nyingine ilikuwa inagonga mlango.

Kanda zilipofika, Gharib mwenye duka pale stendi akaweka moja kwenye spika zake kubwa. Mji mzima ukacheka. Mtu anaungama kwamba ni vumbi, papo hapo anawakalisha wenzake chini! Padre akapiga marufuku kanda ile isiuzwe, na jasho la shamba zima likapotea. Kwaya ikakaa kikao kimoja tu. Felisita akafukuzwa, na kwa roho mbaya waliyokuwa nayo wakaongeza kwamba hakuna mwanakwaya atakayeimba nyumbani kwake, si arusini, si msibani.

"Mtaimba nini bila mimi?" aliwauliza akiondoka. "Mtabweka."

Lakini ile adhabu ya pili ilimpata pabaya. Mama yake, bibi Milembe, alikuwa mgonjwa wa kulala, na alichotaka duniani kilikuwa kimebaki kimoja: azikwe kwa wimbo ule wa toba. Aliusikia kwenye mazoezi, akaupenda.

"Ng'wanone, kawaombe radhi," alimwambia bintiye.

"Niwaombe kwa lipi, mayu? Baba alijitaja maisha yake yote, mkampigia vigelegele."

"Baba yako alikuwa anashindana na watu. Wewe mbele ya altare unashindana na nani?" Mgonjwa alikuwa hana nguvu, ila ulimi ulikuwa mkali bado. "Hiyo sauti unayoiringia hukujipa. Siku ikiondoka utabaki nani? Umewahi kumwona huyo atakayebaki?"

Felisita alitoka amefura. Angekuwa mtu mwingine aliyesema hayo, angemtukana. Hata hivyo alikwenda kwa Joakim, akasimama mlangoni pua juu.

"Mwalimu, nimekuja tuyamalize. Najua mnateseka."

Joakim alimtazama kama anayetazama mbwa aliyeingia jikoni. "Nenda kamwite ng'wana Masele amwimbie mama yake," akasema, akafunga mlango.

Bibi Milembe alikufa wiki ileile.

Kwaya walikuja msibani, maana ni majirani, na kuchimba kaburi na kuchota maji hakuna anayekwepa. Walifanya yote hayo. Kisha wakasimama kando ya kaburi, midomo imefungwa. Katekista akasoma sala, jeneza likateremshwa, kukawa kimya kibaya ambacho sijawahi kukisamehe.

Felisita akaanza mwenyewe. "Bwana, mimi ni vumbi." Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia, ikakatika mara mbili, watu wawili watatu wakatazamana kwa furaha. Akamaliza ubeti. Ikafika ile nafasi ya kinanda, na kinanda hakikuwepo. Jina lake likampanda kooni kama lilivyozoea. Alilisikia pale, zito, likitaka kutoka. Akalimeza. Nafasi ikabaki tupu, na ndani ya utupu ule akashangaa kwamba hajafa: mlikuwa na mtu mle, ametulia, asiye na jina wala sifa, na mtu huyo alikuwa yeye. Huyo ndiye mama aliyekuwa akimwulizia.

Ubeti wa pili ulianzishwa na Elina. Si kwa huruma, Elina hana huruma. Alishindwa kuvumilia wimbo ukiharibika. Aliunyakua kwa hasira, juu, mahali pa Felisita hasa. Felisita akashuka sauti ya pili, chini kabisa, akambeba. Kwaya ikafuata, mmoja mmoja, wakinuna.

Walipomaliza, Elina akamsogelea. "Usijidanganye. Nimemwimbia marehemu."

"Ndivyo nilivyotaka," Felisita akajibu.

Joakim hakuimba hata neno. Alifura, amri ya kikao imevunjwa mbele ya umati, akapita katikati ya wanakwaya akitafuta wa kumwadhibu. Alijua jibu, alitaka litamkwe.

"Nani ameanzisha huu wimbo? Nauliza, nani?"

Elina akamtazama Felisita, akingoja. Wote walingoja. Hakuna swali ambalo Felisita alipenda kulijibu kwa jina lake maishani mwake kama hilo.

"Mwalimu, kaburi halijajaa," Felisita akasema, akapiga magoti kwenye lundo la udongo, akaanza kuusukumia shimoni kwa mikono yake.