Uma wa Mninga

Mama alikuwa na nywele ndefu kupita mwanamke yeyote pale Mungaa, na hakuzisuka hata siku moja. Alizichana, akazipaka mafuta ya alizeti mpaka ukipita nyuma yake unadhani kuna mtu anakaanga kitu, kisha akazikusanya kisogoni na kuzibana kwa uma. Si uma wa mezani. Kilikuwa kijiti cha mninga chenye meno mawili, baba alikichonga kwa kisu akiwa machungani, enzi anamposa. Wenzake walipelekewa vitenge. Mama alipelekewa mti, akaridhika.

Alisokota nywele zote, akazizungusha kama ngata ya kubebea ndoo, akachomeka meno ya uma yakiangalia juu, akachota nywele kidogo za kichwani, akaugeuza na kuusukuma chini. Basi. Angeweza kupepeta mtama siku nzima na fundo lisitikisike. Kioo hakukitaka.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Tulimleta kwangu Unyambwa ili awe karibu na hospitali ya mjini. Baba alibaki Mungaa na ng'ombe, na alizeti zilikuwa zimeshakauka shambani, kwa hiyo akawa anakuja Jumapili tu.

Kila asubuhi mkono wa kushoto wa mama uliinuka kutafuta uma. Hakuonyesha njaa, hakuonyesha kiu, aliutaka uma. Nikimpa, ananirudishia na kuinamisha kichwa. Na mimi sikuweza. Nimesoma shule za serikali, kipara mpaka kidato cha nne, na baada ya hapo nikawa mtu wa kukaa saluni nisukwe na wengine. Nilisokota, nikazungusha, nikachomeka, na kabla sijaondoa mkono fundo lilikuwa limeshamwagika mabegani. Mama alinipiga kofi la mkononi. Nilirudia mara tano, mara sita, huku uji unapoa. Siku moja tu lilikaa, na nililia kwa furaha kama mjinga. Alipolala likafumuka.

Jasho na mto vikafanya kazi yao. Nywele zilishikana mabonge, na nyuma ya sikio kukatoka kidonda. Shangazi, dada yake baba, alikuja kunisaidia wiki hiyo. Nilikuwa hata sijamaliza kumwamkia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, huu mzigo wote wa nini kichwani kwa mgonjwa? Nyoa."

"Hatakubali."

"Mgonjwa haulizwi uji. Nywele ndizo aulizwe?"

Nisimsingizie shangazi. Mkasi niliushika mimi, na wembe pia. Nilingoja mchana, dawa zimemlaza, nikanyoa kichwa chote kwa maji ya uvuguvugu, nikasafisha kile kidonda. Nilikuwa nimechoka kushindwa na kijiti, huo ndio ukweli.

Aliamka, mkono ukapanda kichwani. Ukasimama. Ukapapasa mbele, ukapapasa nyuma. Kisha ikamtoka sauti ambayo sikujua kama bado anayo.

Kwetu mwanamke mzima hanyolewi kipara bure. Hunyolewa siku ya kuanua tanga, msiba unapomalizwa, na aliyefiwa na mume ndiye anayetangulia. Shangazi analijua hilo, alinyolewa alipofiwa na mumewe. Mimi nalijua, nilinyolewa kwa ajili ya bibi. Wote wawili tulilisahau, na Jumapili mbili zilikuwa zimepita baba hajaonekana kwa sababu ya mavuno.

"Baba ni mzima, mama," nilimwambia. "Anavuna. Ni mzima kabisa."

Alinitazama kama anayejua kwamba mgonjwa hafichuliwi msiba. Angeniaminije? Kaka yake alipofariki, mimi mwenyewe nilimficha siku nne mpaka presha yake iliposhuka. Nilimpigia baba, simu haipatikani, huko shambani mtandao unapatikana kwa kubahatisha. Nikamtumia ujumbe kwa jirani. Mama aligoma kula, akageukia ukutani, machozi yakawa yanateremkia kwenye sikio lile lenye kidonda. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaapa kwa Mungu. Hakugeuka.

Baba alifika kesho yake kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Wadogo zangu wawili walikuwa wamefika pia, maana nilishaita kila mtu. Aliketi kitandani.

"Mbona unanililia, na mimi nipo?"

Mama aligeuka. Alimshika shavu, akamshika sikio, akamvuta kidogo kama anayepima uzito wake. Nikashusha pumzi. Nilidhani yameisha.

Ndipo macho yake yakaanza kuzunguka. Yakatua kwa mdogo wangu mkubwa, kisha kwa yule mwingine, kisha kwa shangazi mlangoni, kisha kwangu. Sote tulikuwepo, hakupungua mtu. Mkono wake ukarudi kichwani, ukakaa pale, halafu ukashuka taratibu mpaka kifuani kwake mwenyewe. Akanitazama. Alikuwa ananiuliza.

"Hapana, mama," nilisema. "Hapana, hapana."

Baba aliuliza uma uko wapi. Nilikuwa nao mfukoni, nikampa. Mama akamfunua vidole kimoja kimoja, akauchukua, akauweka kwenye kiganja changu na kukifunga.

Tangu hapo mkono wake haukuutafuta tena asubuhi. Nilipomletea uji alikunywa bila kubisha, na nilipomgeuza aligeuka. Ningetoa chochote anipige kofi moja.

Alifariki nywele zake zikiwa bado hazishikiki kwa vidole. Siku ya kuanua tanga nilikaa mbele ya wembe nikiwa nimeushika ule uma. Shangazi ndiye aliyeninyoa.