Barua Iliyolowekwa Chai ya Maziwa

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka hadi nimechoka, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke nijitumbukize.

Mdogo wangu Solange alikuwa anaposwa, ile sherehe ya gusaba, hapa kwetu Nyamirambo, na mama wa kijana alishalalamika kwa watu kwamba sisi tuliokulia Tanzania hatujui mila, mwanawe anaoa kwa watu wasio na adabu za Kinyarwanda (maneno yalitufikia yote, Kigali ni ndogo). Nikasema huyu mama nitamwonyesha! Jibu letu la kukubali posa nitaliandika kwenye karatasi iliyozeeka, ionekane imetoka kwa babu wa babu, itolewe ndani ya agaseke, kile kikapu chetu chenye kifuniko kilichochongoka.

Somo nililiona kwenye simu: loweka karatasi kwenye chai, anika, choma kingo kwa mshumaa. Sasa, yule wa kwenye simu alitumia chai ya rangi, na mimi nilikuwa na thamosi nzima ya chai ya maziwa iliyobaki asubuhi, na tangawizi yake na sukari yake (kwetu sukari haipimwi), nikajiambia chai ni chai, ya nini kuchemsha nyingine, nikaimimina kwenye sinia. Na rangi ilikubali, jamani! Ilipokauka kidogo nikaandika, nikaikunja, nikaifungia kwenye agaseke siku tatu huku najisifu.

Jumamosi hema likajaa. Baba mdogo Deo, msemaji wetu, akafunua kikapu kwa madaha, akamkabidhi barua mzee Gaspard, msemaji wa upande wa kijana. Harufu ilitangulia, ya maziwa yaliyochacha. Wakafuata sisimizi, tena si wawili watatu, wakampanda mzee mkononi hadi kwenye shuka lake jeupe.

"Yampayinka we!" mtu akamaka nyuma yangu.

Solange akaniangalia kwa macho ambayo sitaki hata kuyasimulia. Mama wa kijana akabetua mdomo. Niliona kabisa nimemvunjia mdogo wangu ndoa kwa sababu ya uvivu wa kuchemsha maji.

Mzee Gaspard hakuitupa barua. Akainusa mara mbili, taratibu, akashika maikrofoni.

"Jamani, sisi tulikuja kusema habari ya ng'ombe. Kumbe hapa iko mmeshakamua!"

Watu wakaangua kicheko, makofi, vigelegele. Mzee akajipangusa begani, akaongeza, "Na hawa wageni wadogo wakae upande yetu, tuwe wengi." Nikamtazama mama wa kijana: anacheka hadi kilemba kimemteleza, anafuta machozi. Posa ikapita, ng'ombe wa mahari wakatajwa, na mimi nikaenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha peke yangu.

Ndiko alikonikuta huyo mama. Nikasimama haraka, nikamwomba radhi, nikasema kila kitu, thamosi na yote. Akanishika mkono.

"Mutoto wangu, karatasi uiache. Itazeeka yenyewe, kama sisi."

Nikamwambia ndiyo mama, sirudii tena. Na kweli sijarudia.