Shangazi Alipogombea Ubunge wa Jimbo

Juzi gari la kampeni lilipita mtaani kwangu, vipaza sauti juu ya paa, likiimba jina la mtu nisiyemjua. Nilikuwa nachambua mchele uani. Kabla sijaelewa ninachosikia, nilikuwa nimeshaingia ndani na kufunga komeo. Mpangaji mwenzangu alinicheka. Wewe usinicheke, rafiki yangu. Keti nikuambie.

Nilikulia Kasulo, hapa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, wakati Kasulo bado ilikuwa mtaa wa nyumba na mihogo. Tuliishi kwa bibi yangu, tuliyemwita Kaku, pamoja na shangazi, muuguzi wa zahanati. Watoto wengi wa mtaa walizaliwa mikononi mwake. Asubuhi niliamshwa na mchi wa Kaku akitwanga sombe, majani ya mhogo, na moshi wa makala, mkaa uliolowa. Kazi yangu ilikuwa kupepea moto na kusugua viatu vyeupe vya shangazi.

Wiki moja akina mama wawili walifia njiani wakitoka Mutoshi, nje ya mji, kwa kukosa gari la kuwaleta kujifungua. Shangazi alirudi, akakaa bila kuvua viatu, akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambacho watu ni batu, "Nimechoka kuzika batu. Mi naingia mu politiki."

Kaku aliangusha mwiko. Sisi asili yetu ni Kasai, mkoa wa mbali. Baba yake babu aliletwa kwa treni kufanya kazi mgodini, na babu alizaliwa hapa hapa. Lakini kuna mwaka watu wetu walifukuzwa kama wageni, wakakaa gare, yaani stesheni, na magodoro yao wakingoja treni, na Kaku akamzika huko kitinda mimba wake. Tangu hapo alikuwa na msemo: mugeni haimbi kwa sauti.

"Batakuua," alisema.

"Mama, mi nilizaliwa hapa."

"Na ule mutoto wa kule gare? Yeye alizaliwa wapi?"

Shangazi alimwokotea mwiko. Alijiandikisha kesho yake.

Watu walisema ana moyo wa chuma. Mimi nilijua siri yake. Kabla ya kila mkutano alikwenda nyuma ya jiko akatapika, akasukutua kwa maji ya chumvi, kisha akaniuliza kama kitenge chake kiko safi. "Usimwambie Kaku," alininong'oneza. Nikawa nabeba hofu yake pamoja na yangu. Shuleni, wenzangu waliacha kukaa nami dawati moja. Mwalimu aliniita pembeni akaniambia nisipite njia ya soko.

Jumamosi moja mchana, tukisonga bukari, ugali wetu, tulisikia filimbi na madebe. Vijana walikuwa wanakuja na matawi ya miti, wakilifuata gari la mgombea mwingine. "Murudie kwenu!" Jiwe la kwanza lilianguka juu ya bati, na bado nalisikia. Kaku alinisukuma chini ya meza. Nilimtafuta shangazi kwa macho, nikamwona amechutama kati ya mapipa ya maji, mkono mdomoni, akitetemeka hadi kifuniko cha pipa kikawa kinagonga.

Ndipo jirani yetu, Mwislamu kutoka mkoa wa Maniema aliyekuwa akipeleka bidhaa mji wa Fungurume, alipowasha lori lake na kulisimamisha mbele ya lango letu, likaziba lote. Akashuka, akakaa kwenye kikanyagio, akaanza kumenya chungwa.

"Tata, toa gari!" vijana walipiga kelele, wakimwita baba hata katika hasira.

"Imekufa," alisema. "Motere inakataa. Munisukumie?"

Injini ilikuwa bado inanguruma. Wengine wakacheka bila kutaka. Wengine wakavunja vioo viwili, damu ikamtoka sikioni, naye akaendelea kumenya. Mwisho wakaondoka.

Kesho yake nilidhani shangazi ataacha. Kaku mwenyewe ndiye aliyemfunga kilemba. "Kama ni kufa, usikufie mu mapipa," alimwambia.

Alishinda. Kwa muhula mmoja akaitwa Honorable, na Mutoshi ikapata gari moja la wagonjwa. Mengine aliyoyaomba yalibaki maneno. Uchaguzi uliofuata alishindwa, akarudi zahanati na kazi yake ya zamani.

Kisha watu wakagundua kuwa jiwe la kobalti, lenye bei kubwa, liko chini ya vyumba vyao. Wakachimba jikoni, wakachimba chini ya vitanda. Shangazi alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi waache, safari hii bila kipaza sauti. Hata jirani yetu mwenye lori alikuwa amechimba sebuleni kwake. Nilisimama mlangoni nikamwona shangazi amepiga magoti ukingoni mwa shimo.

"Tata, utoke humo. Nakuomba."

"Honorable," sauti ilitoka chini, "kesho nitaacha."

Udongo ulimshukia siku ile ile, kabla ya adhuhuri. Hawakumpata. Mjane wake alihama na watoto, nasi tukahama, ukuta wa jiko letu ukiwa umepasuka toka juu hadi chini.

Mwaka jana shangazi aliomba nimpeleke Kasulo tena. Hakuna njia, hakuna lango, hakuna mhogo hata mmoja. Ni vifusi na turubai, na majina ya watu tuliokula nao hakuna anayeyajua. Nilitafuta mahali pa meza yetu nikakosa. Nikaharakisha, nikiogopa ardhi, na shangazi akanishika mkono.

"Tembea polepole," alisema. "Huku chini kuna batu."